Mizani ya Maandazi

Ilikuwako nchi, na mpaka leo ingaliko, ambayo jina lake ni siri ya taifa. Raia wake hawaruhusiwi kulitamka mbele ya wageni, na kwa kutolitamka miaka mingi wengi wao wamekwisha kulisahau. Basi sisi tutaiita Nchi, na itatosha. Jirani yake alikuwa na jina linalojulikana na kila mtu, ila ni marufuku kulitaja, kwa hiyo naye tutamwita Jirani. Kati yao palipita kijito ambacho wakati wa kiangazi mbuzi alikivuka bila kulowa magoti. Juu ya kijito hicho palikuwa na daraja la mawe, lililojengwa na watu wa zamani ambao hawakujua kwamba wao ni maadui.

Hatua chache kutoka darajani, upande wa Nchi, alikaa Bi Shemsa, mjane, mpishi wa maandazi ambayo hata mwenye meno mawili aliyala kwa raha. Mwanawe wa pekee, Mwanahawa, alikuwa ameolewa upande wa pili. Kutoka dirisha la jikoni Bi Shemsa aliliona paa la nyumba aliyoolewa bintiye, na moshi wa jiko la mkwe mwenziwe, Bi Salha. Mwanahawa alikuwa na mimba ya kwanza. Huko kwao, pande zote mbili za kijito, mwana akijifungua mara ya kwanza ni mama mzazi anayekwenda kumlea siku arobaini: amkande tumbo kwa maji moto, ampikie uji wa pilipili manga, amwogeshe mtoto, amfundishe kumshika shingo. Kazi hiyo haazimwi mtu. Bi Shemsa alikwisha kufunga kifurushi chake, khanga nne na chupa ya mafuta ya nazi, akakiweka nyuma ya mlango.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, Jirani aliezeka upya kibanda cha askari wake wa mpakani. Paa la zamani lilikuwa linavuja.

Habari hizo zilipofika mji mkuu wa Nchi, Waziri wa Usalama wa Ndani, Nje na Pembeni, Mheshimiwa Jenerali Mabruki, hakulala. "Mtu haezeki paa kama hana mpango wa kukaa," aliwaambia wananchi kwa redio. "Na mtu hana mpango wa kukaa kama hana mpango wa kuinuka!" Wananchi walipiga makofi, kwa sababu askari waliokuwa wamesimama nyuma yao walipiga kwanza.

Kwa ajili ya usalama, Nchi ikajenga ghorofa moja juu ya kibanda chake. Jirani alipoona ghorofa, kwa ajili ya usalama, akajenga mbili. Vibanda vikapanda, vikapanda, mpaka walinzi wa juu wakawa wamekaa ndani ya mawingu na hawaoni kitu. Kwa kuwa hawakuona kitu, waliandika kila asubuhi: "Adui anajificha." Ndipo Amri Namba Saba ikatolewa. Daraja likafungwa kwa binadamu, mifugo, magari, kuku wanaotembea wenyewe, na fikra.

*

Msimamizi wa daraja alikuwa Kapteni Sudi, kijana mwenye sauti ya chini kuliko cheo chake. Bi Shemsa alimwendea asubuhi ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Niko kazini, mama."

"Sijakuuliza uko wapi." Akamkabidhi andazi. "Sasa sikiliza. Binti yangu amebakiza miezi miwili. Mimi nitapitaje?"

Kapteni aliisoma Amri Namba Saba mwanzo hadi mwisho, kisha akaisoma tena pole pole, kama mtu anayepekua mifuko ya koti akitafuta alichokwisha kujua kuwa hakimo. "Binadamu wamo kwenye orodha, mama. Ila naona sahani hazimo."

Bi Shemsa akamtazama. Kapteni akatazama pembeni.

Basi siku hiyo sahani ikavuka. Maandazi kumi, yamefunikwa kitambaa cheupe, yalichukuliwa na askari wa Nchi mpaka jiwe la katikati, yakapokelewa na askari wa Jirani, yakapelekwa kwa Mwanahawa. Sasa pande zile kuna desturi moja ambayo hakuna waziri aliyeitunga: sahani ya mtu hairudi tupu. Umeletewa chakula, utaiosha sahani, utaweka chochote ulicho nacho, hata kama ni ndimu tatu, na kama una uwezo utazidisha kidogo, ili aliyeanza asijione mjinga. Jioni sahani ya Bi Shemsa ikarudi na sambusa kumi na mbili za Bi Salha. Chini ya kitambaa palikuwa na jani la mkunazi, ishara ya Mwanahawa tangu utotoni kwamba yu mzima.

Bi Shemsa alilia kidogo, akala sambusa moja, akampelekea Kapteni mbili. Kesho yake akapeleka maandazi kumi na matatu.

Kapteni Sudi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na daftari. Kila kilichovuka daraja kilipaswa kuandikwa, na kila kilichoandikwa kilipaswa kwenda mji mkuu. Akaandika: kumi, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano.

*

Mji mkuu kulikuwa na mtaalamu aitwaye Daktari Fumbwe, Mshauri wa Mizani ya Nguvu. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka kumi na moja namna ya kumjua adui, na aliporudi alikuta hana adui wa kumjua. Daftari la darajani lilimfikia kama mvua ya vuli. Alichora mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, akaupeleka kwa Waziri.

"Mheshimiwa, tazama. Kila tunachotuma, wao wanazidisha. Ukiufuata mstari huu kwa rula, baada ya miaka mitatu sambusa zitaifunika Nchi yote hadi kimo cha nguzo ya simu."

"Zina nyama?" Waziri aliuliza kwa sauti nzito.

"Za nyama, Mheshimiwa."

"Basi wana akiba," alisema Waziri. "Mtu asiye na akiba angetia viazi."

Siku ya pili magari saba meusi yalisimama mbele ya jiko la Bi Shemsa. Waziri aliingia, akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akainuka haraka, akapewa kiti. Daktari Fumbwe akaanza kupima masufuria kwa utepe.

"Mama," alisema Waziri, "Taifa linakuuliza. Kwa nini adui alijibu kumi kwa kumi na mbili?"

"Kwa sababu ana adabu, Mheshimiwa."

"Adabu." Waziri alimgeukia Fumbwe. "Tunayo sisi?"

"Tunayo, Mheshimiwa, ila hatujui ni kiasi gani. Haijapata kuhesabiwa."

"Ihesabiwe!" Akamrudia Bi Shemsa. "Na hili jani la mkunazi? Kapteni ameandika kwamba kila siku liko jani."

"Ni binti yangu ananiambia ni mzima."

"Au anawaambia wao kwamba wewe unaamini ni mzima."

 Bi Shemsa alilitoa jani kifuani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalitazama na kuwaza kama ni la mkunazi kweli. Halafu akajionea haya, akalirudisha kifuani. Shaka ni kunguni wa namna hiyo: akikaa karibu nawe, unaanza kujikuna pasipowasha.

"Mheshimiwa baba," alisema, "mimi siasa siijui. Nina mtoto mmoja. Amebakiza wiki tano. Nipe ruhusa nivuke nikamlee, nikirudi unihesabu nywele."

Waziri alicheka kama mtu mwema. "Mama, hesabu haikubali. Ukivuka wewe, sisi tunapungua mmoja, wao wanazidi mmoja. Tofauti mbili! Na huyo binti yako, ukifikiri vizuri, alikwenda kule mmoja, sasa wanakaribia kuwa wawili. Ni mradi wa nani huo?"

"Wa mume wake," alisema Bi Shemsa.

Fumbwe aliandika: *Mume. Achunguzwe.*

*

Tangu siku hiyo sahani ikawa mali ya Serikali. Bi Shemsa aliteuliwa Mpishi Mkuu wa Ulinzi, akapewa kofia, na kikosi cha askari mia mbili wa kukanda unga. Sahani ikawa sinia, sinia ikawa sufuria, sufuria ikawa pipa. Jirani naye, ambaye alikuwa na Fumbwe wake na rula yake, alijibu kila pipa kwa pipa na nusu. Nchi Kubwa ya Mbali, inayopenda amani, ikaleta mizani mbili za kisasa, moja huku na moja kule, pamoja na salamu zile zile za upendo na fundi yule yule.

Askari walikanda usiku na mchana. Bunduki zilisahauliwa nje zikashika kutu, na hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa bunduki hazikuwa kwenye mstari wa Fumbwe. Watoto wa shule waliimba wimbo mpya wa kusifu hamira. Aliyeonekana anakula andazi bila kibali alihojiwa anataka kuidhoofisha Nchi kwa faida ya nani. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waliacha, kwa maana ukimpa mtu chumvi ataanza kuuliza unayo kiasi gani.

Lakini ndani ya mapipa yale makubwa jani la mkunazi lilipotea. Ungelitafutia wapi? Bi Shemsa alifukua sambusa elfu na mia mbili kwa mikono yake, akakuta jani moja limevunjika, na hakujua ni la siku hiyo au la juzi.

Askari wa pande mbili waliokuwa wakibebeshana mapipa kwenye jiwe la katikati walikatazwa kusemezana. Hawakusemezana. Lakini pipa ni zito, na watu wanaobeba kitu kizito pamoja lazima waambiane "shusha", "geuza", "angalia kidole". Kwa njia hiyo, asubuhi moja, Kapteni Sudi alikuja jikoni akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama, askari mmoja wa ng'ambo ni shemeji yake Mwanahawa. Leo wakati tunageuza pipa amesema neno."

"Amesema nini?"

"Amesema miguu ya Mwanahawa imevimba. Na anaona nyota machoni. Bi Salha amesema mama yake ajue."

Bi Shemsa aliketi juu ya gunia. Alikwisha kuwaona wanawake wawili wa mtaa wake wakivimba miguu na kuona nyota, na mmoja wao hakuwahi kumbeba mtoto wake. "Mkunga ameitwa?"

"Mkunga bora yuko upande wetu, mama. Naye ni binadamu. Yumo kwenye orodha."

 Kapteni akainama akamfungia yule mama kamba ya kiatu iliyokuwa imefunguka, kwa sababu hakuwa na kingine cha kumfanyia.

*

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Nchi kujibu. Pipa la Jirani lilikuwa limekuja na kilo mia nne. Mia mbili wa kikosi walikuwa tayari, unga umeumuka, Waziri yuko jukwaani na kamera zimewashwa. Bi Shemsa aliwaambia askari wakapumzike. Alichukua sahani yake ya zamani, ile ya kwanza, akaiosha, akaifuta, akaifunika kitambaa cheupe. Kisha akampa Kapteni.

Kapteni alihisi wepesi wake. "Mama, hamna kitu."

"Najua."

"Lakini mama, sahani tupu..."  Katika umri wake wote hakuwahi kuona sahani ikirudi tupu. Mama yake mwenyewe, mwaka wa njaa, alirudisha ya jirani na maua ya mbono.

"Bi Salha ananijua miaka minane," alisema Bi Shemsa. "Peleka."

Sahani ilipowekwa juu ya mizani ya Nchi, iliyotengenezwa kwa ajili ya mapipa, sindano haikusogea. Fumbwe aliigonga mizani. Akapanda juu yake mwenyewe, sindano ikaenda, akashuka, ikarudi. Akamgeukia Waziri. "Mheshimiwa, ametuma kitu kisichopimika!"

"Ni kikubwa kiasi gani?"

"Hakina kiasi, Mheshimiwa!"

"Mungu wangu," alisema Waziri. "Tunacho cha namna hiyo, na mimi sikuambiwa?"

Kabla hawajaamua kuizuia, sahani ilikwisha kuvuka. Na ng'ambo, inasemekana, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nusu ya majenerali wa Jirani walisema sahani tupu ni kusalimu amri. Nusu walisema ni tangazo la vita. Mzee mmoja, asiye wa nusu yoyote, alisema labda wameishiwa unga, akastaafishwa saa ile ile. Bi Salha peke yake, alipofunua kitambaa, aliiweka sahani chini na kuuliza, "Mwenzangu ana nini?" Halafu akajifunga khanga kiunoni, akaenda hadi mlangoni kwa majenerali, akawaambia kwamba huyo mwanamke hana kawaida hiyo, kwamba likitokea hili litatokea na lingine, na kwamba kama wana akili wazungumze kabla ya jua kuzama.

Wakazungumza. Meza iliwekwa juu ya jiwe la katikati, miguu miwili huku na miwili kule. Kila upande ulihutubia saa tatu juu ya kupenda kwake amani, na kila upande uliposikia mwenzake anapenda amani uliongeza walinzi. Mwishowe wakakubaliana kwamba hofu yote inatokana na kutojua kinachopikwa kwa mwenzio. Basi kila nchi itapeleka mkaguzi mmoja akae ndani ya jiko la mwenziwe. Mmoja kwa mmoja, mizani isivunjike.

"Awe mtu anayejua kutazama unga," alisema Fumbwe.

"Na asiye na uhusiano wowote na upande wa pili," alisema Waziri.

Kapteni Sudi, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, alikohoa. "Mheshimiwa, Mpishi Mkuu wa Ulinzi amethibitisha uhasama wake. Ndiye pekee katika historia aliyewatumia sahani tupu."

Waziri alimtazama Bi Shemsa kwa heshima mpya, yenye woga ndani yake. "Kweli kabisa," alisema. "Huyu anawachukia."

*

Walivuka wakati mmoja, Bi Shemsa akienda na Bi Salha akija, kwa maana Jirani naye alikuwa amemchagua mtu anayejua unga. Askari walihesabu kwa sauti. Wakaguzi waliruhusiwa kusimama katikati kwa muda wa kupeana mkono.

"Shoga, umekonda," alisema Bi Shemsa.

"Usinitazame mimi. Uchungu umemwanza alfajiri. Maji yako motoni, pilipili manga kabati la chini, na yule mwanangu mume wake msimpe kazi yoyote, anaangusha vitu."

"Na nyota?"

"Tangu jana haoni. Miguu imeshuka kidogo, nimempa maji ya shayiri. Lakini anakuita wewe." Bi Salha alimkaza mkono. "Nenda. Na mimi kwako nifanye nini?"

"Kuna unga umeumuka wa watu mia mbili. Wape wale, wana njaa."

"Muda umekwisha!" alipiga kelele Fumbwe. "Wamesemezana nini hao?"

"Wametukanana, Daktari," alisema Kapteni Sudi, akiandika.

Usiku haujaingia, Mwanahawa alijifungua. Ilikuwa kazi ngumu, na palikuwa na saa moja ambayo Bi Shemsa hataki kuisimulia. Lakini mama alibaki hai na mtoto alilia, na mume aliangusha beseni kama ilivyotabiriwa.

Kwa mujibu wa mkataba, mkaguzi alipaswa kutoa taarifa kila jioni kwa redio ya upepo. Bi Shemsa aliketi karibu na kitanda, mtoto pajani, akabonyeza kitufe.

"Kapteni, unanisikia, mwanangu?"

"Nakusikia, mama. Mheshimiwa yuko hapa pembeni. Taja mabadiliko katika nguvu za adui."

"Adui ameongezeka mmoja."

Kelele zilisikika upande wa pili, viti vikisukumwa. Sauti ya Kapteni ikarudi. "Mheshimiwa anauliza ana ukubwa gani."

"Mkono wangu mmoja na nusu. Ni wa kike."

"Anauliza ana silaha?"

"Hana hata jino."

"Daktari Fumbwe anasema huo ni ujanja. Anauliza sasa hivi anafanya nini."

Bi Shemsa aliangalia pajani. Alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo kwa Serikali, wala kwa mtu mwingine yeyote. "Amenishika kidole," alisema. "Amekikamata kabisa. Hataki kuachia."

Redio ilikoroma muda mrefu. Mwanahawa, pale kitandani, aligeuza uso akatabasamu. Nje shemeji yake yule wa mapipa alikuwa anapasua kuni bila kuombwa. Halafu Kapteni Sudi akarudi, akasoma kwa sauti ya kiofisi, pole pole, kila neno mahali pake.

"Taarifa ya Wizara. Ofisa wa Nchi ametekwa na adui. Mkaguzi anaamriwa asifanye harakati za ghafla, asijaribu kujinasua, na asiondoke hapo alipo mpaka mazungumzo ya kumkomboa yatakapokamilika." Kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, ile ya chini: "Nimewashauri, mama, kwamba mazungumzo ya aina hii hayamaliziki chini ya miezi miwili. Wamekubali."

Bi Shemsa aliinamisha kichwa kidogo. Mtoto alikaza vidole.

"Mwambie Mheshimiwa," alisema, "hali huku ni ngumu, lakini nitavumilia."